Tangawizi katika tiba ya Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliishi Guangzhou, kusini mwa China, miaka sita nikifanya biashara ya nguo. Tangawizi niliyoijua tangu utotoni kama kiungo cha chai niliikuta kule ikipimwa kwenye mizani ya dawa, gramu kwa gramu. Tangu nirudi, watu huniuliza mambo yaleyale, basi nimeyaweka pamoja hapa. Mimi si tabibu. Niliyoandika ni niliyoyaona kwa watu wanaoitumia kila siku na niliyoyasoma baadaye kwa sababu yalinigusa. Lishike jambo moja tangu mwanzo: tabibu wa Kichina haulizi tangawizi inatibu nini. Anauliza wewe una baridi gani.

Kwa nini Wachina wanaiita dawa ya joto? Ni kwa sababu inawasha?

Hapana. Majani ya peremende nayo yanawasha mdomoni, lakini kwao ni dawa ya ubaridi. Kinachoangaliwa ni kile dawa inachoufanyia mwili baada ya kumezwa. Kila chakula na kila dawa ina asili yake: baridi, ubaridi kidogo, uvuguvugu, au moto, na vingine viko katikati. Tikitimaji ni baridi. Kaa wa baharini ni baridi. Ndiyo maana mezani Guangzhou sahani ya kaa haiji peke yake. Inakuja na kibakuli cha siki iliyotiwa tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Mara ya kwanza nilidhani ni kachumbari. Mama mwenye nyumba niliyopanga akanieleza kwamba ile tangawizi iko pale kulinda tumbo.

Wazo hili si geni kwetu watu wa pwani. Wazee wetu husema chakula fulani ni cha moto na kingine ni cha baridi, na walilipata jambo hilo katika tiba ya kale ya Waarabu na Wayunani. Hata jina la ugonjwa tunalolitamka kila siku, baridi yabisi, maana yake ni baridi na ukavu. Mswahili akimsikiliza tabibu wa Kichina akieleza baridi iliyoingia kwenye viungo, anaelewa mara moja.

Mbichi na kavu si kitu kimoja?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndipo wengi wetu tunapokosea. Shina ni lilelile la mmea uleule, lakini katika duka la dawa la Kichina droo ni tofauti, majina ni tofauti, na kazi ni tofauti.

Tangawizi mbichi, *sheng jiang*, ina joto la uvuguvugu na nguvu yake hutoka nje kuelekea kwenye ngozi. Inafungua vitundu vya jasho, inafukuza ubaridi ulioingia juujuu, na inatuliza tumbo linalotaka kutapika. Matabibu wa Kichina wameipa sifa ya kuwa ya kwanza katika kuzuia kutapika.

Tangawizi kavu, *gan jiang*, ni ya moto hasa. Hii haitoki nje. Inakaa katikati ya mwili, kwenye tumbo na mapafu. Anapewa mtu ambaye tumbo lake ni baridi siku zote: anaharisha maji, chakula hakisagiki, mikono na miguu haipati joto, na akikandwa tumboni anasikia raha. Pia anapewa mwenye kikohozi cha makohozi meupe mepesi. Kuna dawa ya zamani inayoitwa *Li Zhong Wan* yenye vitu vinne kwa uzani sawa: ginsengi, tangawizi kavu, mzizi wa *baizhu* na ule mzizi mtamu ambao Waarabu huuita sus. Inauzwa hadi leo kama vidonge vya mviringo.

Ya tatu ni *pao jiang*, tangawizi kavu iliyokaangwa kwenye mchanga wa moto mpaka ikavimba na kubadilika rangi kuwa ya kahawia. Ukali wake unapungua, na kazi yake inageuka: inatumika kuzuia damu inayotoka kwa sababu ya ubaridi, na kutuliza maumivu ya tumbo kwa mwanamke aliyejifungua. Fikiria jambo hilo. Moto wa jiko tu umeichukua dawa ya kupasha tumbo joto ukaifanya dawa ya kuzuia damu.

Hata ganda lina droo yake. Ganda la tangawizi huhesabiwa la ubaridi kidogo na hutiwa kwenye dawa za kupunguza uvimbe wa maji. Kwa hiyo mapishi mengine yanataka tangawizi imenywe na mengine yanataka ibaki na ganda. Mpishi akikuambia usimenye, ana sababu yake.

Sayansi ya maabara inaikubali tofauti hiyo?

Kwa sehemu, ndiyo. Tangawizi mbichi ina wingi wa kemikali iitwayo jinjeroli. Ikikaushwa au kupashwa moto, jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini. Jina shogaoli limetokana na neno la Kijapani la tangawizi, *shoga*. Kwa hiyo aliyesema miaka elfu moja iliyopita kwamba kavu ni ya moto zaidi hakuwa na maabara, ila ulimi wake ulimwambia kweli. Habari ya vitundu vya jasho na joto la katikati ni lugha ya tiba yenyewe. Usiitafute kwenye darubini.

Nitajuaje kama mwili wangu una baridi?

Tabibu wa Kichina atashika mapigo ya mkono na atakwambia utoe ulimi. Mapigo yanataka mafunzo ya miaka, lakini ulimi unaweza kuutazama mwenyewe asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kwenye mwanga wa dirishani. Ulimi uliopauka, wenye maji, wenye utando mweupe, unaelekea kwenye baridi. Ulimi mwekundu, mkavu, wenye utando wa manjano, unaelekea kwenye joto. Uliza pia: unapenda maji ya moto au ya baridi? Mkojo ni mweupe mwingi au wa manjano mchache? Choo ni chepesi au kigumu?

Nilijifunza hili kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili kule nilipata mafua, koo likiuma na kuwaka, makohozi ya manjano. Nikachemsha tangawizi kavu, nyingi, kikombe baada ya kikombe, kwa imani yetu kwamba tangawizi haina madhara. Siku ya tatu midomo ilipasuka, nikatoka vidonda mdomoni na damu puani. Nikaenda soko la dawa la Qingping kutafuta kitu kingine. Mzee mmoja muuza mitishamba alitazama ulimi wangu, akaniuliza nimekunywa nini. Nilipomwambia, alisukuma gunia lake la tangawizi kwa mguu mpaka chini ya meza, kama mtu anayemfichia mtoto kisu. Akanipimia maua makavu ya krisanthemu.

Basi mafua yapi yanataka tangawizi?

Yale yanayoanza na kusikia baridi: umenyeshewa, umekaa kwenye upepo au kiyoyozi, unasisimka, pua inatoa maji mepesi, koo haliwaki. Na yanataka siku ya kwanza. Ukingoja siku nne, ubaridi umeshaingia ndani na chai hii haitaufikia.

Chukua tangawizi mbichi kama gramu 10, yaani kipande cha nusu ya kidole gumba. Kata vipande vyembamba na ganda lake. Tia kwenye vikombe viwili vya maji pamoja na sehemu nyeupe ya vitunguu vya majani, chemsha dakika tano hadi kumi, usizidishe, maana harufu ile inayopotea kwenye mvuke ndiyo dawa. Funika sufuria. Tia sukari guru. Wachina wana sukari yao nyekundu, na sukari guru yetu ni ndugu yake. Kunywa ya moto, jifunike.

Sasa sikiliza namna ya kutoa jasho, kwa kuwa hapa hekima yao ni kubwa. Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa utawala wa Han, yapata miaka 1800 iliyopita, aliacha dawa iitwayo *Gui Zhi Tang*: vijiti vya mdalasini, mzizi wa peoni, tangawizi mbichi, sus, na tende 12 za Kichina, ambazo kwa kweli ni jamaa wa kunazi zetu. Aliagiza mgonjwa akishainywa anywe na uji mwepesi wa moto wa mchele, kisha ajifunike kama saa mbili mpaka mwili mzima upate kijasho chembamba. Kijasho tu. Akaonya kwamba jasho likitiririka kama maji, ugonjwa hautatoka. Wengi wetu tunajifukiza mpaka tunalowa na kuzimia, tukidhani ndiyo kupona.

Nina homa na ninatetemeka. Ninywe tangawizi?

Kwanza kapime malaria. Ukiwa Afrika Mashariki au Kongo, mtu anayetetemeka kwa homa asikae nyumbani na birika la tangawizi, na mtoto asikae hata saa moja. Tangawizi haiui vijidudu vya malaria.

Na tazama hili. Dawa ya malaria ambayo China iliipa dunia imetoka kwenye pakanga, mmea wanaouita *qinghao*, na katika vitabu vyao pakanga hiyo ni dawa ya baridi, wala si ya joto. Karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika kwamba kwa homa za vipindi uchukue konzi moja ya *qinghao*, uiloweke kwenye maji, uikamue na unywe maji yake. Bi Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China wa zama zetu, aliyasoma maneno hayo, akaona kwamba hayakutaja kuchemsha, akabadili njia yake ya kuitoa dawa. Artemisinini ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Tafadhali usichukue habari hii kama ruhusa ya kujitibu kwa chai ya pakanga. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi. Kunywa dawa mseto utakayopewa kituoni.

Inasaidia kichefuchefu kweli?

Hapa ndipo tiba ya Kichina na hospitali zinapokaribiana kuliko popote. Mwaka 1982 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la watu wepesi wa kichefuchefu waliozungushwa kwenye kiti. Waliopewa poda ya tangawizi walivumilia muda mrefu kuliko waliopewa dawa ya kawaida ya safari. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote kuhusu safari, lakini kwa kichefuchefu cha ujauzito matokeo yamekuwa mazuri kiasi kwamba wakunga na madaktari wa nchi nyingi huitaja kama jambo la kujaribu mwanzo. Kiasi kilichojaribiwa mara nyingi ni karibu gramu 1 ya poda kwa siku nzima, ikigawanywa mara nne.

Mwambie mkunga wako kwamba unaitumia. Na mjamzito anayetapika kila anachokunywa, mkojo umepungua, kizunguzungu kinamshika akisimama, huyo anahitaji maji ya mishipa leo, siyo kesho.

Chango la hedhi je?

Kama maumivu yanapungua ukiweka chupa ya maji ya moto tumboni, Wachina watasema ni baridi iliyokaa kwenye mji wa mimba, na watakupa tangawizi kwa sukari nyekundu, pengine na tende. Wafanyakazi wenzangu wa kike walikuwa nayo kwenye chupa za chai mezani. Kuna majaribio ya poda ya tangawizi, kati ya miligramu 750 na gramu 2 kwa siku, siku tatu au nne za mwanzo wa hedhi, na wanawake wengi walipata nafuu. Ila kama damu yako hutoka nyingi sana, acha kwanza ukaonane na daktari. Na maumivu yanayokuangusha kila mwezi yanataka kuchunguzwa. Dada zetu wengi huambiwa wavumilie tu, na hilo si haki.

Mzazi apewe?

Kwetu mzazi hupewa uji wa pilipili manga na hukandwa kwa maji ya moto. Wachina nao humweka mzazi ndani mwezi mzima, hawampi kitu cha baridi, na Guangdong, jimbo lenye Guangzhou, humpikia miguu ya nguruwe kwenye siki tamu na tangawizi nyingi mno. Kwa asiyekula nguruwe kuna chakula cha zamani zaidi, nacho kinatoka kwa Zhang Zhongjing: nyama ya kondoo, tangawizi mbichi na mzizi wa *danggui*, vikachemshwa polepole mpaka nyama iachie mfupa. Ni cha mama mwenye maumivu ya tumbo ya ubaridi baada ya kujifungua. Wao wenyewe hawampi *danggui* mama ambaye bado anatokwa damu nyingi. Damu inayoloweka pedi ndani ya saa moja ni dharura, na chakula hakihusiki.

Inaponya baridi yabisi?

Haiponyi, inapunguza. Kwa magoti yaliyochakaa, majaribio yameonyesha nafuu ndogo. Njia ya Kichina niliyoipenda ni ya nje: hukata kipande cha tangawizi mbichi unene wa milimita mbili au tatu, hukitoboa kwa sindano, hukiweka juu ya sehemu inayouma, kisha juu yake huchoma kifungu kidogo cha majani makavu ya *ai*, mmea ndugu wa pakanga, yaliyosagwa kama pamba. Joto linapita kwenye tangawizi. Nilifanyiwa begani. Unasikia joto linazama taratibu, halafu linachoma, na hapo mtaalamu anasogeza kipande. Usijifanyie mwenyewe, na mwenye sukari aliyepungukiwa hisia miguuni asifanyiwe kabisa. Ataungua bila kujua.

Na nguvu za kiume?

Tangawizi siyo dawa hiyo, hata kwa Wachina. Kwa ubaridi wa figo wanaouzungumzia hutumia gome la mdalasini pamoja na *fuzi*, mzizi wenye sumu ya kuua moyo usipoandaliwa na kuchemshwa na mjuzi. Usinunue. Unga wa nguvu unaofanya kazi ndani ya nusu saa mara nyingi umechanganywa na dawa ya hospitali kwa siri, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupoteza maisha.

Kiasi gani kwa siku?

Kitabu rasmi cha dawa cha serikali ya China kimeweka gramu 3 hadi 10 kwa mbichi, vivyo hivyo kwa kavu, na gramu 3 hadi 9 kwa iliyokaangwa. Hiyo ni ndani ya dawa iliyoandikwa na tabibu kwa mtu mmoja, kwa siku chache. Nyumbani, bila tabibu, poda usivuke gramu 3, kama kijiko kimoja na nusu cha chai kisichofurika. Kuhusu Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, imeandikwa kwamba tangawizi haikukosekana kwenye chakula chake, wala hakula kupita kiasi. Hicho ni kipimo kizuri kwa mtu mzima.

Nani asitumie?

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asiitumie kama dawa bila daktari kujua. Anayesubiri upasuaji aiache mapema. Mwenye mawe kwenye nyongo aulize kwanza. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo mara nyingi inamzidishia. Anayetumia dawa za sukari apime sukari yake mara kwa mara akianza. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe.

Kwa lugha ya Kichina, isimguse mtu ambaye ndani mwake kumekauka na kuna joto: jasho la usiku, viganja vinavyowaka, koo kavu, kukosa usingizi. Li Shizhen, ambaye kitabu chake cha dawa kilichapwa mwaka 1596, aliandika kwamba kula tangawizi muda mrefu hukusanya joto na kuumiza macho, na kwamba amelijaribu mwenyewe mara nyingi. Akaongeza kuwa mwenye bawasiri akila nyingi pamoja na pombe, bawasiri huamka upesi.

Ni kweli usiku ni sumu?

Wana msemo kwamba tangawizi ya asubuhi ni kama mchuzi wa ginsengi na ya usiku ni kama sumu ya arseniki. Ni msemo wa kutia mkazo: asubuhi mwili unaamka, usiku unatulia, kwa hiyo usiuchochee. Samaki wa kupaka wa jioni wenye tangawizi hawatakudhuru.

Soda ya tangawizi inahesabika?

Hapana. Sukari ni nyingi, tangawizi ni kidogo. Kahawa chungu yenye tangawizi ya mzee wa birika, ile inayokwangua koo, ina dawa zaidi.

Nimekosa tangawizi kavu ya kuaminika. Naweza kukausha mwenyewe?

Naam, na ndivyo ninavyofanya. Nunua iliyokomaa, yenye nyuzi na ganda gumu. Changa ina maji mno. Ya milima ya Same, Tanzania, ni nzuri. Osha kwa brashi, usimenye. Kata vipande vya unene wa sarafu mbili za shilingi zilizobebana, tandaza kwenye ungo, funika kwa kitambaa chepesi, anika juani na uingize ndani kabla ya umande. Siku nne au tano za jua kali zinatosha. Ikunje: ikipinda bado, ikikatika kwa mlio ipo tayari. Tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ukiona ukungu hata kwenye kipande kimoja, mwaga chupa nzima, maana ukungu huenea usikouona. Saga kwenye kinu kidogo kidogo kadiri unavyotumia. Ikikaa ikiwa unga, baada ya miezi michache unabaki na rangi bila ukali.